Stempu za zamani za Afrika Mashariki: jinsi ya kuzikusanya, kusoma mihuri na kutambua tofauti za uchapaji (mwongozo kamili)

Kama nyumbani kuna barua za zamani, za babu, za bibi, za mzee aliyefanya kazi reli au bandarini, au umenunua boksi la makaratasi mnadani, naomba kitu kimoja kabla ya vyote: usibandue stempu hata moja. Watu wengi wakiona stempu ya zamani mkono unakimbilia kuibandua, bahasha inatupwa, alafu ndo wanaanza kuuliza hii bei gani, na wakati huo habari karibu yote ya ile stempu imeshaenda jalalani. Kwa upande wetu huku Afrika Mashariki stempu yenyewe mara nyingi haikwambii ilitumika wapi wala ilipita njia gani, muhuri ndo unakwambia, na muhuri unakaa nusu kwenye stempu na nusu kwenye bahasha.

Chukua Zanzibar. Posta iliyofunguliwa pale 1875 ilikuwa chini ya posta ya India, kwa hio kwa miaka ishirini barua za Zanzibar zilibandikwa stempu za India zile zile za Bombay, hazina neno Zanzibar popote. Wafaransa nao wakafungua posta yao 1889 wakakaa nayo mpaka 1904. Wajerumani wakaweka ya kwao 1890, ikafungwa 1891, na wao walitumia stempu za kawaida za Ujerumani. Yani kuna stempu ya India au ya Ujerumani ambayo ukiiona peke yake ni ya kawaida sana, ila ikiwa na muhuri unaosomeka ZANZIBAR na tarehe ya miaka hio, inakuwa kitu kingine kabisa. Ndo maana mwongozo huu unaweka muhuri mbele na bei nyuma.

HATUA YA 1: Panga, usiguse sana, na uliza wazee

Toa barua zote uziweke kwenye meza safi na kavu, mikono ikiwa safi na haina mafuta. Zitenge mafungu matatu: bahasha nzima zenye stempu na muhuri, stempu zilizokatwa zikiwa bado kwenye kipande cha karatasi, na stempu tupu. Lile fungu la kwanza usiliguse tena, liingize kwenye bahasha za plastiki safi, ila sio ile plastiki laini inayonuka na kunata, kwasababu ile inatoa kemikali inayoharibu wino na karatasi. Vipande vya magazeti ya zamani na vifuniko vya vitabu vya hesabu vyenye stempu za ushuru usitupe pia, utaona baadae kwanini.

Kabla hujaendelea kaa na shangazi au babu umuulize huyu mwandikaji alikuwa nani, alikuwa anaishi wapi, kwanini alikuwa anaandika kutoka Mikindani au Lamu au Usumbura. Andika majibu kwenye karatasi nyingine kwa penseli, usiandike kwenye bahasha. Na kama ndani kuna barua yenye mambo ya familia, omba ruhusa kabla hujaipiga picha na kuirusha onlaini. Majina ya watu waliohai yafunike.

Kwa zile zilizo kwenye vipande vya karatasi na ambazo muhuri wake hausomeki kabisa, ndo unaweza kuziloweka. Maji ya uvuguvugu, bakuli pana, stempu chache kwa wakati mmoja, subiri dakika 15 mpaka 30 hadi stempu iteleze yenyewe. Usivute. Isuuze kwa maji mengine kuondoa gundi, ilaze kifudifudi kwenye karatasi nyeupe safi ikauke, alafu iweke chini ya kitabu kizito usiku mzima. Karatasi nyekundu au ya rangi kali iloweke peke yake maana inachuja rangi na kuchafua stempu zote bakulini. Na kuna stempu za kikoloni za Kiingereza, hasa za zambarau na kijani zilizochapwa na De La Rue, wino wake ulitengenezwa makusudi ukimbie ukiguswa na maji ili mtu asiweze kufuta muhuri na kuitumia tena. Zile ukiziweka majini unazitoa zimepauka. Ukiwa na wasiwasi wowote iache kwenye karatasi yake, haijamkosea mtu.

HATUA YA 2: Vifaa

Huhitaji hela nyingi. Kibano chenye ncha bapa, sio kile cha kuchokonolea miiba chenye ncha kali. Lenzi ya kukuza mara 10. Kipimo cha meno ya stempu, na hiki unaweza ukakipata onlaini ukaprinti mwenyewe, ila hakikisha kwa rula kwamba printa haikubadilisha saizi, maana ikipunguza asilimia mbili tu vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Kisahani kidogo cheusi kwa ajili ya kuangalia alama ya maji, yani mchoro hafifu uliomo ndani ya karatasi yenyewe ya stempu. Tochi ya mwanga wa zambarau usioonekana, ile ya kukagulia noti bandia, inauzwa bei rahisi na inafanya kazi nzuri sana. Albamu ya kurasa nyeusi yenye vipande vya kuchomekea ni bora kuliko kugundisha.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni unyevu. Stempu mpya zenye gundi zinagandana, na karatasi inatoka madoadoa ya kahawia kama kutu ambayo yakishaanza yanahamia kwa jirani. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu kabatini, simamisha albamu wima badala ya kuzilaza moja juu ya nyingine, na zifungue mara kwa mara zipate hewa msimu wa mvua. Yenye madoa itenge.

HATUA YA 3: Jua nani alikuwa anatawala wapi na lini

Hapa ndo wengi wanachoka lakini bila hii hutaenda popote, kwasababu sehemu moja inaweza kuwa na stempu za serikali nne ndani ya miaka thelathini. Sitataja zote, nataja zile ambazo utakutana nazo au utauziwa.

Upande wa Kenya, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala kabla ya serikali, Imperial British East Africa Company, ilianza Mei 1890 na stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni na bei za anna (hela ndogo ya rupia ya India), alafu Oktoba mwaka huo huo zikaja zake zenyewe zenye jua na taji. Serikali ilipochukua nchi 1895 zile za kampuni zikagongwa muhuri wa mkono wa maneno BRITISH EAST AFRICA. Uganda, 1895, mmisionari Ernest Millar kule Mengo alipiga stempu kwa taipureta, bei yake ikiwa kwa kauri, yani simbi za baharini zilizotumika kama hela, na kauri 200 zilikuwa sawa na rupia moja. Hizo ni nadra kwelikweli na za bandia ni nyingi kuliko za halali.

Zanzibar, Novemba 1895, stempu za India zikapigwa chapa ya neno Zanzibar. Mwaka uliofuata zikatoka zenye picha ya Sultani Hamad bin Thuwaini, ambae alifariki Agosti mwaka huo huo wa 1896, kwa hio sura yake iliendelea kusafiri kwenye barua wakati yeye hayupo, mpaka 1899 zilipokuja za Sayyid Hamoud bin Mohammed.

Bara ya Tanganyika, Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo Oktoba 1890. Mwaka 1893 wakaanza kupiga chapa stempu zao kwa bei za pesa, ambapo pesa 64 ni rupia moja. 1901 zikaja zile maarufu zenye meli ya mfalme wao, Hohenzollern. 1905 hesabu ikabadilika kuwa heller, 100 kwa rupia. Kwahio ukiona meli na neno PESA unajua ni ya kabla, ukiona HELLER ni ya baada, hata bila katalogi. Vita vya kwanza vilipofunga bahari wakaamua kujichapia: Machi 1916 kwenye mtambo wa misheni kule Vuga, Lushoto, zikachapwa za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Nyingi hazikuwahi kutumika, zilifukiwa chini Waingereza wasizipate, zikaja kufukuliwa baada ya vita na kuuzwa Ujerumani. Ndio sababu nyingi utakazoziona zimechakaa kwa unyevu lakini hazina muhuri.

Wakati huo huo wa vita, Waingereza waliichukua Mafia Januari 1915 wakagonga neno MAFIA kwenye stempu walizozikuta, majeshi ya India yalikuwa na stempu zenye herufi I.E.F. (Indian Expeditionary Force), na Wabelgiji waliotoka Kongo walikuja na stempu za Kongo zilizogongwa RUANDA au URUNDI. Baadae 1917 zikaja za G.E.A. (German East Africa), na 1922 zile nzuri za Tanganyika zenye kichwa cha twiga. Kuanzia 1 Mei 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa na stempu moja, na mpango wa kushirikiana posta uliendelea kwa sura mbalimbali mpaka miaka ya 1970 jumuiya ilipovunjika.

HATUA YA 4: Soma muhuri

Hapa nakaa kidogo kwasababu ndo kiini cha kazi yenyewe.

Muhuri una vitu vitano vya kuandika: jina la ofisi, tarehe, umbo (duara moja, duara mbili, au nusu duara na nusu mistari), rangi ya wino, na kama kuna namba au maneno mengine chini. Andika vyote hata kama huelewi maana yake bado.

Mihuri ya Wajerumani ni mitamu kusoma kwasababu majina waliyaandika kwa masikio yao: MOSCHI ni Moshi, ARUSCHA ni Arusha, MUANZA ni Mwanza, UDJIDJI ni Ujiji, KILOSSA ni Kilosa, MPAPUA ni Mpwapwa. Na kuna majina waliyoyaleta wao ambayo leo huyaoni kwenye ramani: WILHELMSTHAL ni Lushoto, NEU-LANGENBURG ni Tukuyu, BISMARCKBURG ni Kasanga kule Ziwa Tanganyika. USUMBURA ni Bujumbura, kwa hio ndugu zangu wa Burundi msidhani stempu za meli ni za Watanzania peke yao. Dar es Salaam nayo utaikuta kwa namna mbili, DAR-ES-SALAAM yenye vistari na DARESSALAM iliyoshikana.

Muhuri ukiwa nusu usikate tamaa. Piga skani kwa ubora mkubwa, kuza kwenye simu au kompyuta, punguza rangi ya stempu mpaka wino mweusi ubaki, alafu chora herufi unazoziona kwenye karatasi ya kupenya mwanga. Ukiona USCH ndani ya duara la Kijerumani, Arusha ndo ya kwanza kuifikiria. OSCH, fikiria Moshi. Kama una stempu kadhaa zenye vipande tofauti vya muhuri mmoja, ziweke pamoja mpaka duara likamilike, utajikuta unaujua muhuri mzima wakati hakuna stempu hata moja iliyoubeba wote. Kwangu mimi hii ni raha kuliko kununua.

Kipindi cha ushirikiano wa posta kina mtego wake. Stempu za Tanzania zilizoanza Desemba 1965 ziliruhusiwa kutumika Kenya na Uganda pia, na za kwao huku kwetu. Kwahio stempu ya Tanzania yenye muhuri wa Kisumu au Jinja ni halali kabisa, hakuna kosa hapo, na kukusanya hizi zilizovuka mpaka ni njia nzuri ya kuanza maana ni rahisi na watu wengi wanazipuuza. Zanzibar ilibaki na stempu zake mpaka mwisho wa 1967.

Kuna mihuri isiyo ya mji. Neno PAQUEBOT maana yake barua iliandikwa melini ikashushwa bandarini, na kwa Mombasa na Zanzibar hizi zipo. F.P.O. na namba ni posta ya jeshi, na hapo stempu inaweza kuwa ya India wakati barua iliandikiwa Tanga au Kilwa. Mihuri ya posta iliyokuwa ikisafiri ndani ya treni ipo pia, na kama mzee wako alikuwa reli angalia vizuri.

Na kuna mihuri ambayo sio ya posta kabisa. Stempu nyingi za wakoloni wa Kiingereza zilikuwa za posta na ushuru kwa pamoja, kwahio zile za bei kubwa ziliishia kwenye mikataba ya mashamba, risiti na hati za mahakama. Zikifutwa kwa kalamu, au zikigongwa muhuri wa zambarau wa ofisi, hio ni ya ushuru na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya posta. Sio takataka, zina historia yake nzuri, ila usilipe bei ya posta.

HATUA YA 5: Chapa ya juu

Chapa ya juu ni maneno yaliyoongezwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa, kwasababu serikali imebadilika, bei imebadilika au stempu zimeisha. Kwetu zimejaa.

Ile ya Zanzibar ya 1895 ina kosa linalojulikana dunia nzima, neno limesomeka Zanzidar. Waliopanga herufi walichanganya b na d, na kwa sababu ziliwekwa moja moja kwa mkono, kwenye karatasi nzima makosa yalikuwa mahali pake palepale. Ndio maana kipande cha stempu kadhaa zilizoshikana kina thamani ya kusomea kuliko moja moja, unaona kosa limekaa wapi.

Iliyo karibu na sisi zaidi ni JAMHURI 1964. Mapinduzi yalikuwa 12 Januari 1964, na mwezi huo huo stempu zilizokuwa posta zenye picha ya Sultani zikagongwa kwa mkono JAMHURI 1964. Baadae zikaja zilizopigwa chapa kwa mashine Uingereza. Sasa chukua lenzi. Ya mkono: maneno yamekaa kimshazari na mshazari hauko sawa kutoka stempu hadi stempu, wino mahali pengine umejaa pengine umekauka, kingo za herufi zimetawanyika kidogo kwenye nyuzi za karatasi, na utazikuta zilizopigwa mara mbili au kichwa chini. Ya mashine: mistari imenyooka, herufi zote uzito mmoja, kingo kali. Ukiziweka mbili pembeni pembeni hutazichanganya tena.

Kwasababu mhuri wa mkono ni rahisi kutengeneza, bandia zipo. Cha kwanza angalia tarehe. JAMHURI 1964 kwenye stempu yenye muhuri wa posta wa 1963 ni bandia, mjadala umeisha. Cha pili angalia kipi kiko juu ya kipi pale wino wa chapa na wino wa posta vinapokutana. Chapa ilitangulia, posta ikafuata, kwahio wino wa posta unatakiwa upite juu. Inua stempu pembeni ya dirisha uiinamishe taratibu chini ya lenzi mpaka mng'ao wa wino uonekane, utaona mstari upi umekatiza mwenzake. Ukiona chapa imelala juu ya muhuri, mtu ameigonga baadae kwenye stempu iliyokwisha kutumika.

HATUA YA 6: Karatasi, meno, na picha yenyewe

Stempu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa tofauti kwa vitu vitatu.

Alama ya maji kwanza. Ielekeze kwenye mwanga kutokea nyuma. Isipoonekana, ilaze kifudifudi kwenye kisahani cheusi udondoshe tone la petroli ya maji ya kujazia viberiti (sio gesi), dirisha likiwa wazi na mbali na moto wowote, itatokea kwa sekunde chache alafu inakauka yenyewe. Za Waingereza: taji moja na herufi CA kwa kila stempu ni mtindo wa kuanzia miaka ya 1880, taji na CA zilizojirudia ni kuanzia 1904, na zile za mwandiko wa kuviringika ni kuanzia 1921. Za meli za Wajerumani: za 1901 hazina alama, kuanzia 1905 zikaja zenye alama za misambamba midogo midogo. Twiga za Tanganyika za bei ya shilingi angalia kama alama imesimama au imelala.

Meno: hesabu ni matundu mangapi ndani ya sentimita 2, juu na pembeni kando kando. Ile ya paundi moja yenye simba ya Mfalme George wa sita ni somo zuri, ya 1938 ni 11¾ kwa 13, ikaja ya 14 mwaka 1941, alafu 12½ mwaka 1954. Hio ya 1941 usishangae: usiku wa 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalipiga kiwanda cha De La Rue pale London, mashine zikaharibika, kazi ikaendelea kwa mashine nyingine. Vita ya Ulaya imekaa kwenye matundu ya stempu ya Nairobi.

Picha yenyewe: tafuta ile ya senti 5 ya 1935 yenye jahazi kwenye Ziwa Victoria. Ni ya bei ndogo na haihitaji kutafutwa sana. Weka lenzi kwenye tanga upande wa kushoto, kuna kamba inateremka. Kwenye stempu nyingi kamba inaishia kabla ya kugusa tanga, kuna kinafasi cheupe chembamba kabisa. Kwenye nyingine kamba imeshikana na tanga, kwasababu bamba la kuchapia lilichongwa upya. Iliyoshikana ndo adimu zaidi. Alafu ukija kwenye ya senti 50 ya Mfalme George wa sita, jahazi lile lile, mambo yanageuka, ya kawaida imeshikana na isiyoshikana ndo inayotafutwa na bei yake iko juu sana. Muuzaji asiyeangalia kamba anaziuza zote bei moja.

Namna ya uchapaji uijue kwa macho tu, usiguse: zilizochongwa kwenye bamba zina wino ulionyanyuka na mistari myembamba inayong'aa ukiinamisha, zilizochapwa kwa kubonyeza herufi zinaacha kingo nzito za wino na wakati mwingine karatasi imebonyea kwa nyuma, zilizochapwa kwa jiwe ziko bapa. Bandia nyingi za zamani zilichapwa kwa jiwe hata pale ambapo halali imechongwa, kwahio hili peke yake linaokoa hela.

HATUA YA 7: Kununua bila kuibiwa

Katalogi ya Stanley Gibbons ni ya kufuata kwa upande wa Waingereza, Michel kwa Wajerumani. Toleo la miaka kumi nyuma linatosha kusomea. Bei iliyoandikwa mle ni ya duka kwa kitu kizuri kabisa, mtaani na onlaini utalipa sehemu ndogo tu ya hio, na yenye jino lililokatika, iliyopasuka au yenye ngozi ya karatasi iliyochubuka nyuma ni sehemu ndogo ya hio ndogo. Kwahio mtu akikwambia katalogi inasema kiasi fulani, mwambie akuonyeshe nyuma ya stempu.

Hatari kubwa iko pale ambapo iliyotumika ni ghali kuliko mpya. Stempu kadhaa za Kijerumani ziko hivyo, kwasababu zilibaki nyingi bila kutumika wakati waliozitumia kweli walikuwa wachache, na watu wametengeneza mihuri ya kugonga. Kwa makoloni ya Waingereza inajulikana ile mihuri bandia ya Madame Joseph iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne iliyopita, ambayo kasoro yake ni kwamba tarehe yake haibadiliki. Ukikutana na mji ule ule na tarehe ile ile kwenye stempu nyingi za bei kubwa kutoka kwa wauzaji tofauti, ondoka. Stempu ya bei kubwa yenye muhuri mzuri mno pembeni nayo iweke chini ya tochi ya zambarau, kama ilikuwa ya ushuru na kalamu ikafutwa kwa kemikali, mabaki ya mwandiko au doa la dawa mara nyingi linajitokeza. Mafia, kauri za Uganda na zile za kampuni za Mei 1890 usinunue kabisa bila cheti cha mtaalamu, hata uambiwe hadithi gani ya kurithi.

Na zile za miaka ya karibuni zenye muhuri msafi kwenye kona huku gundi yote iko nyuma, hazijawahi kupita kwenye barua, ziligongwa kwa ajili ya kuuziwa wakusanyaji. Mtoto anayeanza atazifurahia, ila usizilipie kama za barua.

HATUA YA 8: Andika, na uonyeshe

Chagua eneo dogo. Mtu anayesema anakusanya Afrika nzima baada ya mwaka ana maboksi tu, ila anayekusanya mihuri ya Tanga peke yake, au stempu za jahazi peke yake, au barua za Zanzibar kwenda Muscat na Bombay, baada ya mwaka anajua kitu ambacho hata wauzaji hawakijui. Kwa kila ukurasa andika kwa penseli au karatasi ndogo pembeni: stempu ni ya toleo gani, meno, alama ya maji, muhuri unasomekaje, barua ilitoka wapi kwenda wapi, na uliipata wapi. Kwa bahasha nzima geuza nyuma, mara nyingi kuna muhuri wa kufikia, ukitoa tarehe ya mbele unajua barua ilikaa njiani siku ngapi, na ukilinganisha barua za meli na zile za ndege za baadae utaona dunia inavyosogea.

Piga picha mbele na nyuma ya kila kitu, hifadhi nakala sehemu mbili. Ukikwama, East Africa Study Circle ni chama cha watu wanaochambua posta ya eneo hili tu. Unapouliza tuma picha ya mbele, picha ya nyuma, kipimo cha meno na alama ya maji kama umeiona, alafu useme unachodhani wewe ni nini na kwanini, maana anayeuliza hivi anajibiwa kwa urefu kuliko anayetuma picha moja ya giza na kuuliza bei.

Kwa leo usiku, kama unataka kuanza, toa bahasha moja tu yenye muhuri unaosomeka nusu. Skani, kuza, chora herufi unazoziona, alafu weka orodha ya majina ya miji ya enzi hizo pembeni uanze kuyajaribu moja moja.